Salamu za Shemeji Saverio

Merrylands, 14 Oktoba 2023

Dada Khamisa,

Natumai barua hii inakukuta umeshaswali alasiri, umekaa barazani na miwani yako. Sisi wazima. Baridi imekwisha, na mijakaranda ya mtaa wetu imeanza kutoa maua. Shemeji yako Saverio anakusalimu. Kaniambia niandike hivi hivi: "Mwambie dada mkubwa pweza wake wa nazi bado namuota." Kiswahili chake ni kile kile cha Makangale, cha jikoni hotelini alikokuwa akipika, lakini hakijapotea.

Uliniuliza hizo tarali ni kitu gani, maana Thuwaiba kakuuliza nawe hukuwa na jibu. Ni vipete vya unga, vidogo kama bangili ya mtoto mchanga. Huchemshwa kwanza, kisha huokwa mpaka vikauke, ukitafuna vinalia. Kwao kusini mwa Italia huzila watu wote, kama sisi na visheti, ila hazina sukari. Wao hutia divai kwenye unga. Saverio ameitoa divai, anatia maji ya ukwaju. Mjomba wake, yule aliyetupokea hapa Sydney, alionja akasema hii si tarali. Saverio akamjibu, "Basi ni yangu." Waafghani na Walebanoni wenye maduka hapa Merrylands wameipenda. Jumamosi tunatandika meza karibu na stesheni ya Parramatta. Siku nyingine tuko Villawood, kwenye ghala tulilokodi katikati ya magereji, sisi wawili na Faida. Faida ni mwanamke Mkongo wa Uvira. Huku Waafrika tukikutana Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, ingawa cha kwake kina Kifaransa ndani.

Sasa nililoandikia barua. Maombi ya viza ya mwanangu Thuwaiba yamesogea. Wanataka akapimwe afya na daktari wao Dar es Salaam. Baba yake keshatoa ridhaa kutoka Muscat, hilo halina mvutano. Nakuomba umpeleke kabla ya mwaka kwisha. Tulipoondoka Januari 2020 nilikwambia mwaka mmoja tu, kisha dunia ikafungwa, kisha tukawa hatuna hata mahali petu pa kulala. Sasa ana miaka tisa. Najua tulikubaliana tusipige simu, kwa sababu kila akiniona kwenye kioo hali chakula siku nzima. Basi niandikie wewe, na mwambie naye atie mstari wake chini.

Mdogo wako,
Alya


Wete, 20 Novemba 2023

Kwa mdogo wangu Alya,

Barua yako imefika, ina alama ya kikombe cha chai cha mtu wa posta, lakini inasomeka. Sisi huku hatujambo. Karafuu mwaka huu ni nyingi, kila uwanja umetandazwa majamvi, mji mzima unanuka. Bibi Mize jirani amemwoza mwanawe wa mwisho, na paa la jikoni kwetu limezibwa. Mpe shemeji salamu zangu. Mwambie pweza wapo, miguu yake tu ndiyo haipo. Na mwambie asijitie kazini kama punda wa chokaa.

Thuwaiba yu mzima. Ameng'oka jino la juu, akalitupa paani mwenyewe. Chuoni amemaliza juzuu amma na mwalimu kamsifu mbele ya wenzake. Skuli ndiyo usiniulize, hesabu anazikimbia kama ulivyokuwa ukizikimbia wewe.

Habari ya Dar nimeisikia. Mitihani imekaribia, na mimi mwenyewe ni mwalimu, siwezi kumtoa mtoto darasani wakati huu nikawa mfano mbaya kwa wazazi wengine. Ngoja ipite.

Mstari wake hakuandika. Nilipofunga bahasha alikuwa chuoni.

Dada yako,
Khamisa


Merrylands, 8 Januari 2024

Dada Khamisa,

Salamu kutoka kwenye joto. Huku Januari ndiyo kiangazi, lami inalainika, na ghalani kwetu oveni zikiwaka mtu anafuka kama chungu cha wali. Saverio anakusalimu. Anasema miguu ipo, ikimaliza kazi itakuja.

Kazi yenyewe imekua ghafla. Kampuni moja yenye maduka mengi ya vyakula imeonja tarali zetu, ikaagiza kwa majaribio kwa matawi yake yote ya Sydney. Saverio aliposoma ujumbe alimnyanyua Faida juu, maana ndiye aliyekuwa karibu. Faida akapiga kelele, "Unishushe, patron, mugongo yangu!" Tangu siku hiyo Saverio halali vizuri. Amenunua mashine ya kukata unga kutoka kwa mzee mmoja wa mikate aliyestaafu, akaifungua yote na kuifunga upya kwa mikono yake. Anaushikashika mkono wa kushoto. Anasema ni magunia. Nikimwambia aende kwa daktari ananijibu, "Baada ya oda."

Mama yake alipiga simu Krismasi kutoka Italia, akamuuliza kama amekwenda kanisani. Saverio akasema kanisa liko mbali. Kanisa liko nyuma ya nyumba yetu, dada, kengele yake tunaisikia kitandani. Miaka sita tangu aliposilimu kwa sheikh hapo Wete, na mama yake bado hajui. Nikimuuliza lini atamwambia, jibu ni lile lile la daktari.

Mitihani imeshapita. Mpeleke Thuwaiba Dar, nakuomba.

Alya


Wete, 11 Februari 2024

Kwa mdogo wangu Alya,

Nakuombea afya, wewe na shemeji. Hongera kwa hiyo oda. Nimeisoma barua yako kwa sauti barazani, na Bibi Mize akauliza kama Mtaliana wetu sasa ni tajiri. Nikamwambia tajiri ni Mungu.

Skuli kwetu kumeingia surua. Madarasa mawili yamefungwa. Sithubutu kumpandisha mtoto boti kwenda kukaa na umati wa watu hospitalini Dar, halafu akapimwa akiwa na homa wakamkataa. Na goti langu nalo limevimba, ngazi za bandarini nazitazama kwa mbali.

Thuwaiba amerefuka. Kanzu uliyomletea kwa mkono wa Salha mke wa Haidar, alipokuja kumwona mama yake hapa Wete, imekuwa fupi, nimeiongeza lesi chini.

Mwambie shemeji mkono si wa kufanyia mzaha. Aende kwa daktari kwanza.

Khamisa


Merrylands, 2 Aprili 2024

Dada,

Ramadhani njema. Tumefunga. Mchana umeanza kuwa mfupi, hakuna taabu.

Oda ilikwenda. Wameagiza tena. Mashine inafanya kazi. Faida amejifunza kuiendesha. Tumeongeza watu wawili wa zamu, Aimé na mkewe, ni Wakongo wa kanisani kwake.

Hapa hakuna jipya. Umempeleka Thuwaiba Dar?

Alya


Wete, 5 Mei 2024

Kwa mdogo wangu Alya,

Idi ilikuwa njema, namshukuru Mola. Thuwaiba alivaa gauni la buluu, akazunguka nyumba zote za Limbani na akarudi na tumbo la kuuma. Mvua za masika zimetukalia, barabara ya kwenda bandarini imechimbika, wenye gari wanakataa abiria. Ndiyo sababu ya kutokwenda Dar.

Barua yako ni fupi. Niliigeuza nyuma nikitafuta salamu za shemeji. Sikuziona. Miaka yote hii hujawahi kuniandikia bila salamu zake, hata mlipokuwa mmegombana, maana mara moja uliandika "anakusalimu huyo." Labda ulikuwa na haraka.

Ijumaa iliyopita nilisoma khitma hapa nyumbani. Walikuja watu wa chuoni na majirani, wakasoma, wakala, wakaondoka. Hawakuniuliza ya nani, nami sikusema.

Kama lipo neno, mimi ni dada yako. Silazimishi.

Khamisa


Merrylands, 20 Juni 2024

Dada Khamisa,

Nakusalimu. Sisi wazima. Nimeandika "sisi" kwa mazoea. Niko mimi.

Saverio alifariki tarehe tisa Februari. Ilikuwa Ijumaa, mchana. Lori lililokuja kuchukua oda lilikuwa mlangoni, na Faida alikuwa nje na dereva. Mimi nilikuwa nafunga makasha, nimempa mgongo. Nikamsikia akiburura gunia la unga, akakaa juu yake. Akasema, "Alya, dakika moja." Nikamjibu, "Kaa, mimi namalizia." Nikaendelea kufunga. Nikayatoa makasha nje, nikatia sahihi karatasi ya dereva, nikamwambia asante. Faida ndiye aliyeingia na kumwona. Alisema, "Dada Alya, kuya! Bwana yako hapumue!" Ambulensi ilikuja upesi. Walifanya yote yanayofanywa. Moyo ulikuwa umesimama.

Sikulia. Sijisifu, wala sijilaumu, nakueleza tu ilivyokuwa. Umewahi kuulalia mkono ukaamka usiuhisi, ukaushika kwa ule mwingine ukaona kama ni wa mtu usiyemjua? Nilikuwa hivyo mwili mzima. Watu walikuja, wakanikumbatia, nikawa natazama vifungo vya mashati yao.

Haidar, mume wa Salha, alisimamia yote ya mazishi. Sheikh wa msikiti alikuwa tayari, waoshaji walikuwa tayari, tulikuwa tunangoja hospitali itutolee mwili tu. Lakini mjomba alikuwa amempigia simu mama yake Saverio, na mama akapanda ndege. Anaitwa Nunzia. Ni mwanamke mfupi, alikuja hospitali moja kwa moja kutoka uwanjani na sanduku lake dogo. Kiingereza hajui. Alinishika mikono yote miwili akasema maneno mengi, na Elvira, binti wa mjomba, akanitafsiria.

"Anasema mwanawe tangu ujana yuko nchi za watu. Anasema hajawahi kumwomba kitu. Sasa anakuomba wewe. Mpe mwanawe amzike kwa padri."

Nikasema, "Mchukue."

Haidar akanivuta pembeni. "Alya, unajua unalosema? Huyu ni Muislamu. Nimeswali naye bega kwa bega."

"Najua."

"Basi mwambie mama yake."

"Mwambie wewe."

Alimtazama yule mama aliyesimama na sanduku lake. Naye hakuweza. Akaondoka, na mpaka leo akinipigia simu huzungumzia Thuwaiba tu.

Walimsalia kanisani, hilo hilo la nyuma ya nyumba yetu. Nilikaa kiti cha mwisho na Faida, akawa ananigusa goti kunionyesha lini kusimama na lini kukaa. Amezikwa Rookwood upande wa Wakatoliki. Upande wetu uko makaburi hayo hayo, mbele kidogo kwa gari. Hilo ndilo nililoshindwa kukuandikia, dada. Kifo ningekwambia siku ile ile.

Eda sikukaa ndani. Siku ya tatu nilirudi Villawood. Nyumbani nilikuwa natazama ukuta, ghalani nilikuwa natazama unga, nikaona unga ni afadhali.

Bi Nunzia alikaa huku mpaka mwanzo wa Juni. Asubuhi moja alikuja ghalani na Elvira, akachukua aproni ukutani, akaanza kusokota tarali bila kuambiwa. Mikono yake ni ile ile ya Saverio, kidole gumba kinazunguka vile vile. Akaonja moja.

"Divai iko wapi?" Elvira akanitafsiria.

"Mwanao alikuwa hanywi."

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane."

Alitafuna taratibu, akameza, akaendelea kusokota. Akaja kila siku. Hatukuwa na lugha, yeye alikuwa akinigonga mkono nikikosea fundo, basi. Wiki aliyoondoka ndiyo akauliza tena, macho yake yako mezani: "Alikuwa akisali vipi?"

Sikujua namna ya kueleza. Nikaenda pale penye nafasi kati ya magunia, nikainua mikono, nikaifunga kifuani, nikarukuu, nikasujudu kwenye saruji yenye vumbi la unga. Faida akazima mashine. Nilipoinuka Bi Nunzia alikuwa amekaa, mikono mapajani. Alisema kitu, Elvira akachelewa kukitafsiri.

"Anasema, kumbe nimemzika mtu nisiyemjua."

Baadaye akasema nimwombee mimi hivyo, na yeye atamwombea kwake. Nikaitikia kwa kichwa. Hakunikumbatia uwanja wa ndege. Alinishika shavu akaingia ndani.

Sasa unajua. Mpeleke mtoto Dar, dada. Usinijibu la kaburi kama huna la kusema.

Alya


Wete, 28 Julai 2024

Kwa mdogo wangu Alya,

Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake ndiko marejeo. Akusubirishe, mdogo wangu.

Nilijua tangu Februari. Salha alimpigia simu mama yake wiki iliyofuata, barua yangu ikiwa imeshaondoka, na mama yake alikuja kwangu akalia mpaka nikambembeleza mimi. Ile khitma ilikuwa ya Saverio. Nilimtaja kimoyomoyo kwa jina alilopewa na sheikh, Sabri, maana nilisema ukitaka kunyamaza na mimi ninyamaze nawe. Kila wiki nilikuwa nikisema hii ndiyo wiki atakayoniandikia.

La kanisa sikulijua. Salha hakulitaja. Nilipolisoma niliiweka barua chini, nikaenda uani nikafua nguo ambazo zilikuwa safi. Nimekasirika, sikufichi. Nilimsomesha fatiha mimi mwenyewe, hapa barazani, akikosea nikimrudisha, naye akicheka akisema dada mkubwa ni mkali kuliko mpishi mkuu. Mtu wa namna hiyo alikuwa na haki yake ya kuoshwa na kuelekezwa kibla. Lakini mimi si kadhi. Sikuwa pale hospitalini, sikushikwa mikono mimi. Mungu anajua alilolala nalo moyoni. Sitalitaja tena.

Ila nimelala na neno lako moja, siku nyingi sasa. Yule mama alikuomba, ukasema, "Mchukue."

Dar sikwenda, Alya. Haikuwa surua, wala goti, wala barabara. Mitihani ya darasa la tatu ni siku mbili, na mvua za masika zina mapumziko. Kila nilipomtolea nguo za safari niliona mikono yangu inazirudisha kabatini. Mimi Mungu hakunijaalia. Mume nilimpata akaniacha kwa sababu hiyo, unajua. Ulinipa mtoto wa miaka mitano na nusu aliyekuwa anakojoa kitandani kwa kukulilia. Leo ananisahihisha mimi kusoma Kurani.

Wewe una kiwanda, una watu wa zamu, una nchi yenye kila kitu. Mimi nina huyu. Mwanamke asiyekujua alikuomba kwa neno moja ukampa papo hapo. Nami ni dada yako nakuomba. Niachie Thuwaiba.

Khamisa


Merrylands, 30 Agosti 2024

Dada Khamisa,

Salamu kwako, na kwa Thuwaiba, na kwa Bibi Mize. Nimepokea barua yako. Niliifungulia ghalani, nimesimama karibu na oveni, nikaisoma mpaka mwisho.

Nikasema, "La." Nilisema kwa sauti. Faida akageuka: "Unasema na nani?"

"Na dada yangu."

"Iko wapi, dada yako?"

Nikamwonyesha karatasi. Halafu kikaja kilio. Sijui kilikuwa wapi miezi yote hiyo. Nililia mpaka nikakaa chini, na trei nzima ikaungua ndani, moshi ukajaa, kengele ya moto ikaanza kupiga, Aimé akawa anaipunga kwa kadibodi. Faida alizima oveni, akaketi chini pamoja nami kwenye unga, akanishikilia.

Kwa hiyo jibu langu ni la, dada. Saverio alikuwa hawezi kunirudia. Nilichompa Bi Nunzia ni mwili, na hata huo sijui kama nilikuwa na haki ya kuutoa. Nilisema "mchukue" kwa sababu sikuwa nahisi kitu. Angeniomba nyumba ningesema ichukue, angeniomba mkono wangu ningesema uchukue. Usiipime ile kuwa ni ukarimu. Leo nahisi. Thuwaiba anapumua, anang'oka meno, anakimbia hesabu. Simwachi.

Najua ninakuchukulia nini. Sitajifanya sijui. Usiku wa kulilia kitandani uliukesha wewe, na jino la kwanza ulilitazama wewe. Sina cha kulipia hayo na sitajaribu. Ukitaka kuja nawe, hata kwa kutembea, nitaandika maombi kesho yake. Ukinikasirikia miaka mingi, nitangoja.

Kazi inakwenda. Maduka yale yametuweka kwenye rafu za kudumu. Nimemwingiza Faida kuwa mshirika, si mwajiriwa tena. Juzi nilikwenda Rookwood mara ya kwanza peke yangu. Nilisimama upande wa Wakatoliki, nikamsomea fatiha nikielekea kibla, na mwanamke aliyekuwa akimwagilia maua kaburi la pili akaweka kopo lake chini mpaka nikamaliza.

Mpeleke Dar, Dada Khamisa.

Alya


Wete, 17 Novemba 2024

Kwa mdogo wangu Alya,

Barua hii haipiti posta. Iko mkobani mwa Salha anayerudi huko, na Salha yuko na Thuwaiba, kwa hiyo ukiisoma utakuwa umeshamwona na mimi sina haja ya kukuelezea urefu wake.

Nilikaa na barua yako mwezi mzima bila kujibu. Mwanzo nilikuwa na maneno makali, nikayaandika, nikayachana. Mwisho nikaenda kwa mwalimu mkuu nikaomba ruhusa.

Tulikwenda Dar, Oktoba. Kuna jambo sijawahi kukuandikia. Hapa nyumbani ananiita mama. Sikumfundisha, na sikumkataza pia. Alianza mwaka ule wa pili akiwa na homa, na homa ilipopoa neno likabaki. Ndiyo maana hapakuwa na mstari wake chini ya barua zangu. Nilikuwa simwambii kwamba naandika.

Basi tumeingia kwa daktari. Kijana tu, mpole. Alimpima, akamsikiliza kifua, akamuuliza jina na skuli, naye akajibu vizuri. Kisha akaninyooshea kalamu akamuuliza, "Na huyu ni nani wako?"

Nilitazama sakafu. Nilisema moyoni, atakalosema ndilo hilo.

Akasema, "Mama yangu mkubwa. Mama yangu yuko Australia, anapika tarali."

Hakusita, Alya. Alisema kama mtu anayetaja mtaa anaokaa. Miaka yote ile nikidhani nimemficha kitu, naye alikuwa anajua kila mtu ni nani wake, na jina la "mama" alinipa kwa sababu aliniona nalihitaji. Tulipotoka nilimnunulia aiskrimu, nikamwambia kwamba unamngoja. Akauliza kama na mimi nakwenda. Nikamwambia si sasa. Akala aiskrimu yake yote.

Kuja siji, ahsante. Wanafunzi wangu wapo na kaburi la mama lipo. Labda mbele ya safari, Mungu akipenda.

Sasa sikiliza. Samaki anakula, nyama ya kusaga hataki, ataificha chini ya wali. Nywele zake usizichane zikiwa kavu. Hesabu akikwambia ameshamaliza, si kweli. Anapoogopa huuliza maswali mengi ya mambo mengine, wewe yajibu tu yote. Siku za kwanza atalala amegeukia ukutani. Usimgeuze. Asubuhi usimwite kwa jina, atashtuka na siku nzima itaharibika. Kaa pembeni ya kitanda, mshike kidole gumba cha mguu, mshike tu usikitikise. Ataamka mwenyewe.

Khamisa